Hofu ya Shebwana

Siku za mashindano Mwanatumu hakugusa kisu wala sufuria ya moto. Sheria ilikuwa wazi: hakuna aliyeshika usukani wa katamarani, zile boti zenye matumbo mawili zinazopaa juu ya maji, kabla ya kuhamishia hofu yake kwa mtu wa nyumbani, kupitia bangili aliyovishwa mkononi. Kwa hiyo mumewe Shebwana alipokata kona tumbo moja la boti likiwa hewani, yeye alikuwa sebuleni na wake wa mabaharia wenzake, bangili ikimbana, meno yakigongana, wote wameshikana mikono mpaka king'ora cha mwisho.

Jioni Shebwana alirudi na kombe. Alimbeba binti yao wa miezi minane hadi roshani, ghorofa ya nne, akaanza kumrusha na kumdaka.

"Baba Saumu, rudi ndani." Bangili ilikuwa bado inambana. "Hukupita kurudishiwa hofu yako?"

"Ya nini, Mama Saumu? Mbona unaibeba vizuri tu."

Akamrusha tena, juu zaidi, akamdaka kwa mkono mmoja. Mtoto alicheka. Mwanatumu alitaka kuwakimbilia, lakini miguu ilikataa; ilikuwa ikitetemeka kwa ajili ya watu wawili.