Sarafu Iliyorudi

"Dada, sarafu uliyoitangaza mtandaoni inang'aa pichani. Hii uliyonitumia ni nyeusi ti," Kitwana alisema mlangoni, akimnyooshea bahasha.

"Nimeisugua mwenyewe kwa ndimu na majivu," Mishi alijibu kwa ukali. "Usinisingizie."

"Hata mimi nimeisugua, mara tatu. Kila ikikucha ni nyeusi tena. Nirudishie changu, tusijuane."

Mishi akaitoa bahashani ile sarafu yenye tundu katikati. Ilikuwa na unyevu na uvuguvugu, kama iliyovuliwa sasa hivi shingoni mwa mtoto aliyekuwa akicheza juani. Weusi ule aliujua. Ulikuwa jasho la binti yake, Mwanasha, aliyevishwa sarafu hiyo iwe kinga yake tangu arubaini ya kuzaliwa, akaja kuvuliwa na waosha maiti.

Hakubishana tena. Alimrudishia Kitwana pesa zake, akafunga mlango, akatafuta uzi mweusi. Aliupitisha tunduni, akapiga fundo kwa kipimo cha shingo aliyoikumbuka, akauweka mkekani.

Uzi haukulala. Ulisimama wenyewe, mduara wa shingo, na sarafu ikawa inapanda na kushuka taratibu, kama imelalia kifua kinachohema.