Tumbo la Canelo

"Sema ukweli, mzee muuaji!" Eudomar alikuwa amemkaba Fulgencio shati na kumbana ukutani. "Mbwa wangu alibweka, ukamchukia, ukamlisha sumu. Na sumu ni yako!"

"Nauza sumu ya panya, siuzi roho za mbwa!" Fulgencio alitema damu. Jino moja lilikuwa limeshang'oka. "Mtaa mzima unanunua kwangu. Wewe ulinunua, Bi Hercilia alinunua, hata padri!"

"Kwani padri naye anabweka?" mtu akauliza mlangoni. Watu wakacheka.

Daktari Maigualida hakucheka. Alikuwa ameinamia meza ya bati, kisu mkononi. Canelo, mbwa wa rangi ya mdalasini, alilala chali mbele yake, povu limemkaukia mdomoni. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake: kupasua wanyama waliouawa na kumwambia mwendesha mashtaka wameuawaje na nani. Lakini huu ulikuwa mkesha wa Krismasi, mwendesha mashtaka yuko likizo, na mtaa ulikuwa umejazana hapa ukingoja jina. Akilitaja la Fulgencio, mzee hatafika kwake kwa miguu yake.

"Usimwonee huruma," alisema mama mkwe wake, Bi Hercilia, aliyekaa karibu na dirisha, kapu mapajani. "Anayeua mbwa leo, kesho ataua mtu."

"Mama, niache nifanye kazi."

"Kazi! Mke wa mtu kushika matumbo ya mbwa siku kama ya leo. Mwanangu Rómulo ningemtafutia mke mpishi." Akalipapasa kapu. "Nimekuletea hallaca nyingine. Ile ya jana uliimaliza?"

"Yote, mama. Nusura nile na jani lake."

"Na tumbo?"

"Salama."

Bi Hercilia alimtazama kidogo, kisha akaitoa: unga wa mahindi uliojazwa nyama, umefungwa ndani ya jani la mgomba, bado unafuka mvuke. Hallaca nyingine zote kapuni zilikuwa na uzi mweupe. Hii ilikuwa na uzi mwekundu. Kila Krismasi aliifunga hivyo ya mkwewe, maana mkwewe hali zabibu, na hakutaka ichanganyike na za wengine.

Daktari akalipasua tumbo. Unga wa mahindi. Vipande vya jani. Na chembe nyeusi, nyingi, zimegandamana na nyama.

"Sumu ya panya," alisema.

Umati ukanguruma. Eudomar akampiga mzee goti la tumbo, mzee akajikunja sakafuni. "Mmalizeni!" akapiga kelele Bi Hercilia.

Kibano cha Daktari kikanasa kitu kingine, chembamba na kirefu. Akakivuta taratibu, akakitazama, akakitia mfukoni mwa aproni.

"Ni yeye?" Eudomar akauliza, akihema. "Sema tu, Daktari."

"Siyo yeye. Mwachie. Mpisheni njia aende nyumbani kwake."

Eudomar akamwachia mzee. Maigualida akavua glavu, akanawa mikono vizuri, akaifungua hallaca yake na kumega tonge kubwa. Akaenda nalo dirishani.

"Karibu, mama. Na wewe hujala tangu asubuhi."

"Hiyo ni yako, mwanangu." Bi Hercilia alifunga mdomo, akageuza uso.

Maigualida alimshika taya, akambana mashavu kwenye magego kama anavyombana mbwa anayekataa kidonge, na mdomo ulipoachama akalisukuma tonge mpaka kooni. Akaufunga mdomo ule kwa kiganja na kulipapasa koo, juu chini, juu chini, hadi akameza.

Ndipo akamwekea mapajani kile alichokitoa tumboni mwa Canelo: uzi mwekundu, wa ile hallaca ya jana, ambayo Maigualida mwenyewe, badala ya kuila, aliirusha nzimanzima ng'ambo ya ukuta wa Eudomar.