Kaa la Moto

Kilipoona wageni wanapanda kilima, kijiji kizima kilizima mioto. Mwaka ule wa njaa, moshi ulikuwa unaita watu. Bi Sikitu naye alimwagia maji mafigani, akaficha chungu cha maharage mvunguni mwa kitanda.

"Hodi, mama," aliita mwanamke mwenye mtoto mgongoni. "Tunaomba kaa la moto tu. Chakula tunacho."

"Moto sina, mwanangu. Leo hatujapika."

Mgeni alimtazama kwa huruma. Akafungua kifurushi chake, akamjazia viganja mahindi.

"Pokea, mama. Njaa hii imetupata sote."

Akaenda kupiga hodi kwa jirani, nyumba nyingine isiyo na moshi. Bi Sikitu alibaki mlangoni, viganja vimejaa mahindi. Mvunguni, chungu kilikuwa bado kinatokota.