Majambazi Wadogo wa Mfuko wa Sabuni

Haya, tega sikio: mlango wangu hauna bawaba wala kitasa. Bibi anaufungua huku anahema, na mtoto ambaye bado anavalishwa viatu anaufungua huku anacheka. Ni nini? Usihangaike kunipa mji, ninayo ya kutosha. Jibu nakupa bure. Ni mfuko wa sabuni ya unga wa yule mbunifu wa kiwandani, na ulibakiza kidogo tu umtoe kazini.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Mfuko uwe na zipu ya plastiki juu, ufunguke na kufungika tena, sabuni isimwagike wala isishike unyevu. Mikono ya mzee iuweze. Ya mtoto mdogo isiuweze kabisa, maana mtoto akiona chenga za rangi hudhani peremende. Basi kila zipu mpya ilipobuniwa, ukumbi wa chakula wa kiwanda uligeuka uwanja wa majaribio: upande huu mabibi wa mtaani, upande ule watoto wa chekechea ya jirani pamoja na mwalimu wao. Ndani ya mifuko walitia mchele, mtu asije akadhurika.

Zipu ya kwanza: bana pembeni, ndipo uvute. Mabibi wakafungua, wakafunga, wakajisifu. Kumbe watoto walishamaliza zamani na mchele uko chini ya meza ya meneja.

"Baba, mfuko wako huu unavuliwa kama soksi!" akasema Bibi Miwani, mwenye sauti kuliko wenzake wote.

Zipu ya pili: sukuma kwanza, kisha ubane, kisha uvute. Watoto wakasukuma, wakabana, wakavuta. Ya tatu hata mbunifu mwenyewe aliikosea asubuhi kabla ya chai. Msichana mmoja mwenye kamasi aliifungua kwa mkono mmoja. Wa pili ulikuwa na biskuti.

"Nani anawafundisha majambazi hawa?" mbunifu akalia.

Majambazi wakatazama dari.

Meneja akawageukia mabibi. "Ni nyinyi. Mnataka majaribio yasiishe mwendelee kunywa chai."

"Chai tunaitaka, hatukatai," akajibu Bibi Miwani. "Ila siri, mwanangu, mimi siiwezi. Ikinikaa tumboni naumwa."

"Ni kweli," shoga yake akadakia. "Hata umri wangu ameshautangaza mtaa mzima."

Mwalimu wa chekechea, aliyekuwa amepiga magoti anazoa mchele, alicheka mpaka akakaa chini. Mbunifu naye akapiga magoti kumsaidia. Walizoa muda mrefu kuliko mchele wenyewe ulivyohitaji.

"Kwa hiyo tutarudi tena?" mwalimu akauliza.

"Itabidi mrudi," akasema mbunifu, na uso wake haukufanana hata kidogo na uso wa mtu aliyeshindwa.

Tangu lile jaribio la kwanza, alikuwa na desturi ya kupita chekechea siku moja kabla ya kila jaribio kuomba watoto, na hakuweza kujizuia kutoa zipu mpya mfukoni. Nyumbani, mama yake alikuwa amepiga marufuku neno zipu wakati wa kula. Kazini, meneja alipiga miayo. Mwalimu peke yake ndiye aliyesogeza kiti na kusema, "Hebu nionyeshe tena, taratibu."

Safari ya nne alikwenda amenyong'onyea.

"Hii ndiyo ya mwisho," akamwambia. "Meneja amesema watoto wakiufungua tena, nifungashe virago vyangu, kazi apewe mwingine."

Siku hiyo mwalimu hakuomba kuonyeshwa tena.

Kesho yake ukumbi ulijaa hadi wapishi wakatoka jikoni kutazama. Watoto wakauvuta mfuko, wakaung'ata, wakaukalia. Mmoja akaubembeleza kwa adabu: "Funguka basi." Mfuko ukagoma. Yule wa kamasi akautupa, akamtazama mwalimu wake. Mwalimu alikuwa anatazama dirishani.

Ikaja zamu ya mabibi. Wakasukuma, wakabana, wakavuta, mchele ukaonekana; wakabana tena, tak, ukafungika.

Vigelegele! Bibi Miwani akacheza na kiti, maana mtu wa kucheza naye hakuwa karibu. Wapishi wakagonga masufuria. Meneja, mtu asiyejulikana kucheka, akamkumbatia mbunifu mpaka miguu ikaning'inia, akamwambia kazi yake haiguswi na mtu, mfuko unakwenda madukani.

Mbunifu alipowekwa chini alikuwa anatafuta kitu kwa macho. Akakimbia hadi mlangoni. Mwalimu alikuwa anawapanga watoto mstari, kila mmoja ameshika shati la mwenzake.

"Mwalimu! Ndiyo basi? Hamrudi tena?"

"Turudi kufanya nini? Umefaulu."

"Basi ni bora ningefeli," akaropoka, kisha masikio yakamwaka moto, akajitia kuzungumzia kazi. "Yaani, hii ya leo haina ugumu kushinda zile. Ni ileile, nimeigeuza kidogo tu. Sasa hebu niambie, zile nyingine, nani alikuwa anawafundisha watoto?"

Mwalimu akavuta mstari wake hatua mbili tatu. Akasimama. Watoto wakagongana nyuma yake kama mabehewa.

"Mimi," akasema. "Ningekuonaje tena?"