Swichi ya Kioo cha Nyuma

"Ndugu Moffat," Mchungaji Theuri alisema walipomaliza mteremko wa Marua, "kioo yako ya nyuma imeshika ukungu. Si uwashe ile swichi?"

Moffat aliitupia jicho ile swichi ndogo nyeusi yenye picha ya kioo na mvuke, imekaa kwenye dashibodi kwa adabu zake kama ilivyotoka kiwandani.

"Fiusi imeungua, Mchungaji."

"Ati imeungua?" Mchungaji akaguna, akatazama saa. "Haya."

Hakuna kilichoungua. Swichi ilikuwa nzima kuliko Moffat mwenyewe, ila habari za kioo ilikuwa imeziacha. Mwaka ule kahawa ililipa vizuri na Nyeri ikajaa Subaru nyeupe. Wakulima walinunua, walimu wakakopa, na kanisa nalo likafanya harambee likamnunulia Mchungaji yake. Moffat hakutosheka na Subaru tu. Alimwendea Isse, fundi wa Nanyuki, akafungiwa turbo. Akamsihi asitoboe dashibodi kuweka swichi mpya, kwa kuwa watu wa kanisa wana macho. Isse akazikata nyaya za kioo, akaunga za turbo mahali pake. Ukibonyeza, kitaa cha manjano kinawaka vilevile, na gari linaruka kama swara.

"Kwetu Garissa hiyo kitu ni pambo," Isse alimhakikishia. "Tangu nizaliwe sijaona mtu akiigusa."

Isse alikuwa mgeni mlimani, na baridi ya Julai ilikuwa haijamkuta.

Jumapili baada ya safari hii Moffat alikuwa awekewe mikono kuwa mzee wa kanisa. Aliutaka uzee huo mpaka usingizini. Baba yake alikuwa mzee, baba mkwe alikuwa mzee, hata shemeji yake Kingori, mtu wa kuanza kukoroma kabla mahubiri hayajashika moto, alikuwa mzee. Suti ilikwisha kushonwa. Kisha Mama Watiri akasimama mbele ya baraza la kanisa akasema Subaru nyeupe imempita Kiganjo kwa kishindo hata mkebe wake wa maziwa ukamwagika. Dereva hakumwona uso, lakini nani asiyejua gari la Moffat?

Baraza likanguruma. Mzee mmoja alisema zamani Shetani alikuja akitambaa kwa tumbo kama nyoka, siku hizi anakuja na gia tano. Moffat aliapa kwamba hajawahi kukimbiza gari Kiganjo, na kilichomuuma ni kuwa ilikuwa kweli tupu. Yeye mbio zake zote alizifanyia upande wa Mweiga.

Mwishowe Mchungaji akasema, "Tusimhukumu mtu bure. Gari yangu iko kwa fundi, na Jumamosi niko na harusi Kianyaga. Ndugu Moffat atanipeleka, nijionee mwenyewe."

Basi siku hiyo Moffat aliendesha kama aliyepakia mayai. Kabla ya Karatina walipitwa na lori la kabichi, kisha na trekta. Kwenye mteremko wakapitwa na mzee wa baiskeli aliyebeba gunia la makaa, naye akawapungia mkono, "Bwana asifiwe!"

"Bibi arusi atakuwa nyanya tukifika," Mchungaji alisema.

"Haraka haraka haina baraka, Mchungaji." Moffat alijiona amejibu kizee kabisa.

"Hata hii polepole yako sioni baraka yake."

Walipofika Sagana jua lilikuwa limetoka, na kioo cha nyuma kiling'aa kabisa.

"Moffat. Ile swichi."

"Lakini kioo ni safi sasa."

"Nimeona. Jaribu tu. Pengine fiusi imepona."

Ni mtego, Moffat aliwaza. Mtu huyu amesikia jambo, na sasa anataka nijikaange kwa mafuta yangu mwenyewe. Akaukumbuka uzee wake, akaikumbuka suti, akakaza mikono kwenye usukani.

"Nitaipeleka kwa fundi Jumatatu, Mchungaji."

Karibu na Kagio pikapu ya nyanya iliwapigia honi mara mbili, ikawapita, na dereva akatoa kichwa nje. "Wazee! Kama mmebeba maiti, si muandike kwa mlango?"

Mchungaji hakucheka. Alivua miwani, akaitia mfukoni, akafunga kifungo cha mfuko. Kisha akanyoosha mkono kwenye dashibodi. Moffat alirusha kiwiko amzuie, akachelewa. Kidole kilitua juu ya swichi bila kupapasa, na macho ya Mchungaji wakati wote yalikuwa kwenye ile pikapu.

Kitaa cha manjano kikawaka. Subaru ikanguruma, ikajikunja, ikaruka. Nyanya zikabaki nyuma, na dereva wake kinywa wazi. Moffat aliuona uzee wake ukipeperuka pamoja na vumbi la Kagio, na machozi yakamlenga kwelikweli. Mguu wake ukaanza kutafuta breki.

"Nisamehe, Mchungaji..."

"Wacha breki," Mchungaji Theuri alisema, mkono mmoja umeshika kishikio cha juu ya dirisha kwa mazoea. "Isse aliniambia turbo yako iko hapo kwa kioo. Yangu ameweka kwa taa za ukungu, na siku ile ya Kiganjo hata sikuona maziwa ya Mama Watiri. Kanyaga mafuta, Mzee Moffat."