Mbuzi wa Uani

Himyar aliziba ua kwa makuti mpaka hata paka asingeweza kuchungulia. Ndani alimweka mwana-mbuzi dume aliyeachishwa ziwa karibuni.

"Bi Semeni asimwone," alimwambia mkewe, Shariffa. "Akimtia jicho, huyu naye atakwisha kama wenzake."

Bi Semeni alikuwa mjane aliyewachunga mbuzi wa nyumba hiyo ya Tongoni tangu enzi za baba yake Himyar. Zamani watu walitoka hata Pangani kuja kuwatazama: warefu, masikio yameangukia mashavuni, maziwa ya kumwaga. Sasa, mwaka 1955, walikuwa vimbuzi vya kutia huruma. Beberu wa kundi alikuwa na mguu uliopinda, na watoto wake walizaliwa na mguu ule ule. Mara mojamoja alizaliwa dume mzuri. Wazuri hawakuwahi kuacha mtoto.

"Ni husuda," alisema Himyar. "Nani mwingine anayewatazama kutwa?"

"Baba Shemsa," alisema Shariffa, "Bi Semeni ndiye aliyekunywesha maziwa ulipofiwa na mama yako. Ukimtoa kibandani mwake, ataishi wapi?"

"Ndiyo maana simhukumu bila ushahidi. Mbuzi huyu atakua bila kuonwa naye. Akidhoofika, nitamwomba Bi Semeni radhi. Akinawiri, atahama."

Akanawiri. Binti yao Shemsa alimletea majani mabichi na pumba za mahindi kila asubuhi. Shingo ya mbuzi ikawa nene kama kinu. Akisikia majike wakipita nje, aliyapiga makuti kwa pembe.

Siku moja kuti likaanguka, na Bi Semeni akamwona. Alisimama, ameegemea fimbo yake.

"Mashaallah," alisema polepole. "Bwana Himyar, mfungulie aingie kundini."

"Ili umalize kazi yako?"

"Basi hata siku mbili tu. Kisha mfanye utakavyo."

"Mwaka mzima hukumwona, na tazama alivyo. Ushahidi gani tena nautaka?"

Bi Semeni alifunga sufuria yake ndani ya kanga, akashika njia ya Mabawa, kwa mpwa wake. Aligeuka mara moja tu. Hakuitazama nyumba, aliwatazama mbuzi.

Usiku huo Shariffa hakugusa chakula. Himyar aliingia uani na taa, akamkagua mbuzi kama alivyofundishwa na baba yake: macho mazima, pembe nzima, miguu minne iliyonyooka. Hakuwa na kasoro hata moja. Akashukuru Mungu.

Asubuhi, baada ya swala ya Idi Kubwa, alimlaza akielekea kibla, kama alivyomlaza aliye mzuri kuliko wote kila mwaka, na baba yake kabla yake, akapitisha kisu. Kule nje, beberu wa mguu uliopinda alikuwa akichechemea nyuma ya majike.