Zana ya Bwana Mimi

“Chukua hii nyepesi,” alisema mwanamke mmoja, mwandishi wa programu, akimgeuzia mkuu wake wa idara kompyuta. “Ile nyingine ni mzigo wa bure.”

Alikuwa anadanganya, na uongo wenyewe ulimkolea mdomoni kama pipi.

Kampuni ya mabasi ilikuwa inaanza kuuza tiketi mtandaoni. Ilihitajika zana ya kukaa kati ya seva na programu, ipokee maombi ya abiria na kuyafikisha. Zana zilikuwa mbili. Ile nzito ilisumbua kuiweka kwenye mfumo, lakini ilihimili umati. Hii nyepesi ilimhudumia mtu mmoja mmoja, kama mhudumu wa mgahawa anayesimama kando ya meza mpaka mteja amalize kula, ndipo aende meza nyingine. Wakiijaribu watu watano ofisini, inateleza bila kukwama. Wakija maelfu kwa pamoja, inazimia.

Mkuu hakuyajua hayo. Tangu apewe kiti kikubwa hakuwa ameandika hata mstari mmoja wa programu. Kiti chenyewe alikipata kwa mfumo wa mizigo, ambao mwanamke huyu aliujenga peke yake, kisha Mkuu akasimama nao mbele ya wakurugenzi: mimi nilibuni, mimi nilijenga. Ofisi ikambandika jina, Bwana Mimi. Wenzake walicheka. Mwanamke huyo hakucheka, maana mama yake aliiona picha ya Mkuu gazetini akamuuliza, “Na wewe mwanangu, huko huwa unafanya nini?”

Swali hilo lilikuwa bado linamchoma. Sasa aseme mimi tena, alijiambia. Aseme kwa sauti, wote wasikie.

“Una uhakika, dada?” Mkuu aliuliza. Tangu arudi kutoka likizo ya ugonjwa alikuwa mpole ajabu, mpaka watu wakawa wananong’ona kwamba simba mwenda pole ndiye mla nyama.

“Bosi, hii ningeiwekea hata jina langu.”

“Basi imepita.”

Siku ya uzinduzi ukumbi ulifurika. Abiria walikuwa wametangaziwa wafungue mfumo saa nne kamili, na watakaowahi wangelipa nusu nauli. Mwandishi wa programu alisimama karibu na mlango, mahali pa kuziona nyuso zote vizuri. Alikuwa na furaha, na hakuionea haya.

Mkuu alipanda jukwaani. “Ndugu wakurugenzi,” alianza, “mimi…”

Mtu wa nyuma alicheka chinichini.

“Mimi ni mwizi,” Mkuu alisema. “Mfumo wa mizigo haukuwa kazi yangu. Na huu wa leo si wangu pia. Kila kitu humu, mpaka zana inayoubeba, kimechaguliwa na mtu mmoja. Safari hii jina lake limewekwa linapostahili.”

Skrini ikawaka. Jina la yule mwandishi wa programu lilitanda ukuta mzima.

Ukumbi wote uligeuka kumtazama. Kwenye kiti cha mbele, baada ya kufuatwa nyumbani asubuhi kwa gari la Mkuu, mama yake alikuwa wa kwanza kusimama.

“Huyo ni mwanangu!” aliwaambia wakurugenzi, akipiga makofi. “Mwanangu ndiye aliyeichagua!”

Juu ya mlango, saa ya ukutani ikafika saa nne.